Shibaraku ya Mwashi

Ukimwona Mwashi asubuhi, ungedhani leo mji mzima utajengwa. Alitoka nyumbani kwake amejifunga kikoi safi, mwiko umechomekwa kiunoni, timazi inaning'inia mkononi, na mwendo wake ni wa mtu aliyechelewa. Alisalimia kila mlango, Waislamu kwa salamu yao na Warundi kwa amahoro, akauliza habari za wagonjwa, akasifu harufu ya samaki wa watu. Akifika kwenye kazi yake alisimama mbele ya ukuta, akaiteremsha timazi na kuitazama mpaka uzi utulie kabisa. Halafu alitikisa kichwa kwa huzuni, kama vile ukuta ndio uliomkosea, akakaa chini. Mara nyingi kazi ya siku ilikuwa imeishia hapo.

Sijui alizaliwa lini wala babu yake alikuwa nani, na sitajifanya kujua. Kwetu Rumonge, siku zile za Mjerumani, alikuwa Mwashi, basi. Alitoka pwani na msafara hadi Ujiji, akapanda mtumbwi kuja huku juu, akatuambia anapita tu. Alikuwa bado anapita miaka mingi baadaye. Ua wake ulipakana na wetu, ukuta mmoja katikati, na ukuta wenyewe yeye ndiye aliyeujenga, kwa hiyo ulikuwa nusu. Mimi nilikuwa nikikamua mawese upande wangu na yeye akikohoa upande wake, na kwa lile pengo la ukuta tuliona mengi ya nyumba zetu ambayo majirani hawapaswi kuyaona.

Kuta zake chache zilizokwisha zilikuwa nzuri, lazima niseme. Hata leo sijaona ukuta wa matofali ya udongo ulionyooka kama wake. Tatizo lilikuwa kuufikia huo mwisho. Alikuwa na majiko yasiyo na bomba la moshi, maduka yasiyo na ukuta wa nyuma, na bafu moja la mzee mmoja wa Kiarabu ambalo lilikuwa na ngazi nzuri za kuingilia na halikuwa na kitu kingine chochote. Na kwa kila mwenye jiko, mwenye duka na mwenye bafu, jibu lake lilikuwa moja. Ukimuuliza itakwisha lini, aliweka mikono yake miwili juu ya mapaja, akainama kidogo kwa adabu kubwa, akasema: "Shibaraku."

Neno hilo alilipata Unguja, kwa Wajapani. Alitusimulia mara nyingi, na kila mara chai ilikuwa nyingi kidogo kuliko mara iliyopita. Karibu na bandari palikuwa na nyumba ya wanawake wa Kijapani. Kazi yao hakuieleza, na wanaume waliokuwa wakimsikiliza walikohoa na kutazama ziwa. Yeye aliitwa kutengeneza ukuta wao wa jikoni. Alibisha hodi, mlango ukafunguliwa kidogo, mwanamke akainama akasema shibaraku, mlango ukafungwa. Akangoja. Wakamletea chai kwenye kikombe kisicho na mkono. Kesho yake vivyo hivyo, akaambiwa shibaraku, akapewa chai. Mhindi mmoja mwenye duka la jirani ndiye aliyemweleza kwamba kwa watu wale shibaraku ni muda, lakini hakuna ajuaye muda gani. Unaweza kuwa mfupi, unaweza kuwa mrefu, na si adabu kuuliza zaidi.

Mwashi alisema kwamba maisha yake yote mpaka siku ile alikuwa akiwaambia watu "kesho," na kesho inapofika wanamtukana. Sasa amepata neno ambalo siku yake haifiki. Alilisema hili kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani, na sisi tulicheka, maana tulikuwa hatujampa kazi bado.

Usidhani alikuwa mtu wa kuchelewa kila jambo. Sala tano zilimkuta tayari ametawadha. Chakula hakikumngoja hata mara moja. Ukipika pilau upande wa pili wa mji, Mwashi alikuwa na jambo la haraka upande huo. Mtu akifiwa, yeye alikuwa wa kwanza kufika na jembe, na kaburi alilichimba bila kupumzika, kingo zake zimenyooka. Nilimuuliza siku moja kwa nini makaburi huyamaliza na majiko hayamalizi. Alisema mwenye kaburi haulizi lini.

Bwana wa Kijerumani alishuka kutoka Usumbura na askari wake, akitembelea pwani yote ya ziwa, akaona kwamba Rumonge hakuna nyumba inayomfaa kulala. Akaagiza ijengwe. Mwashi akaitwa. Bwana alitoa saa mfukoni, akaifungua, akaitazama, akauliza kupitia kwa askari mmoja nyumba itakwisha lini. Mwashi aliweka mikono mapajani, akainama, akasema neno lake. Yule askari alikuwa mtu wa mbali na neno hakulijua, lakini hakutaka Bwana aone kwamba kuna Kiswahili kinachomshinda, basi akamwambia Bwana kwamba mtu huyu anasema karibuni sana. Bwana akafunga saa akaenda zake akiwa ameridhika.

Aliporudi alikuta safu chache za matofali na mijusi juu yake. Mwashi alilazwa kifudifudi mbele ya watu akapigwa hamsa ishirini, yaani fimbo ishirini na tano, kwa sababu Mjerumani alikuwa hapigi bila hesabu. Sikucheka siku ile. Hakuna aliyecheka. Nilimchukia yule mtu wa saa kwa moyo wangu wote, na usiku sikula. Tulimpelekea Mwashi mchuzi wa kuku, akawa analala kwa tumbo, na tulipomuuliza aliwezaje kunyamaza, alisema zile fimbo alizivumilia kwa kuwa alijua zitakwisha wapi. Mtu akijua mwisho, anaweza.

Wakati anapona, mvua ikaziyeyusha zile safu. Wakati mvua inakwisha, Bwana alihamishwa. Bwana mpya alitaka nyumba mahali pengine, halafu hakuitaka tena. Serikali nayo, tukaona, haina haraka kiasi inavyosema. Mwashi alirudi kwenye ukuta wa msikiti, ambao Shehe wetu alikuwa amemkabidhi, na ambao ulikuwa umefika magotini.

Neno lake likapendwa mjini kwa kuwa lilikuwa la mbali, na sisi watu wa ziwa tunapenda cha mbali. Vijana walilisema wakiinama. Mvuvi akiulizwa na mkewe atarudi lini, alisema shibaraku. Mama akiombwa chakula na watoto kabla hakijaiva, alisema shibaraku. Hata Warundi walioshuka kutoka milimani kuuza maharagwe walilijua, wakalitumia kwenye bei. Na mtu aliyelipenda kupita wote alikuwa mume wangu.

Mume wangu alikuwa mzuri wa sura, na alipenda kuwa wa kwanza kwa kila kitu. Alikuwa wa kwanza mtaani kwetu kuwa na mwavuli, akautembeza kiangazi chote. Basi alipojiunga na watu waliokuwa wakivuka kwenda upande wa Kongo kutafuta pembe, alitaka kuaga kwa namna ambayo hakuna mtu aliyeaga hivyo.

Kwetu palikuwa na desturi. Mume anayevuka ziwa kwa safari ndefu humwachia mkewe talaka yenye sharti, mbele ya mashahidi, ili asije akabaki ananing'inia maisha yake yote, si mke wala si mjane. Wengine husema, nikikaa zaidi ya mwaka, mke wangu ameachwa. Wengine husema masika mawili. Ni jambo la huruma, na wanawake tulilithamini. Mume wangu alisimama pale mitumbwi inapofungwa, Shehe akiwa shahidi wa kwanza na kaka wa mume wangu shahidi wa pili. Akaweka mikono mapajani, akainama, akasema: "Nikikaa kupita shibaraku, muke wangu iko huru."

Watu wakacheka sana. Mwashi mwenyewe alikuwapo, na yeye peke yake hakucheka. Mtumbwi ukaondoka na mwavuli wake umefunguliwa.

Hakurudi. Mwaka wa kwanza walisema ameonekana Uvira, amenenepa. Mwaka wa pili walisema amekufa kwa homa. Baadaye wakasema hakufa, ana mke na duka la chumvi huko ndani. Shemeji yangu, yule kaka mtu, alizipenda habari zote hizi kwa usawa, kwa kuwa hakuna hata moja iliyokuwa na hakika. Baba yangu alikuwa amenipa michikichi huko Kizuka siku ya ndoa yangu, na tangu mume wangu aondoke, Shemeji ndiye aliyekata mikungu, ndiye aliyeuza mawese, ndiye aliyeniletea chupa moja na kuniambia nimshukuru. Alisema analinda nyumba ya mdogo wake. Nilitaka michikichi yangu. Na nilitaka mtoto, nasema wazi, nilikuwa bado kijana na nilitaka mtoto, na kila nilipopita wanawake wanaonyonyesha nilitazama chini.

Nikaenda kwa Shehe. Alinisikiliza vizuri, akasema sharti ni sharti na talaka ile ni ya kweli, ila hajui mpaka wake uko wapi. Vitabu alivyosoma Ujiji vilikuwa na miezi, miaka, mwandamo na mavuno, havikuwa na Mjapani. Alisema tumwite mwenye neno aseme lina urefu gani.

Siku ya shauri tulikutana msikitini, yaani katikati ya kuta ambazo wakati huo zilikuwa zimefika kiunoni. Sijawahi kuona watu wengi vile wakinionea huruma. Mwenye jiko alikuja, mwenye duka alikuja, mzee wa bafu alibebwa kwa kiti. Wote walisema wamekuja kwa ajili yangu, maskini mtoto wa watu, na wote walikaa mbele kabisa ili walisikie vizuri jibu la Mwashi. Maana akisema shibaraku ni mwaka mmoja, basi majiko yote ya Rumonge yamechelewa kwa kinywa chake mwenyewe. Akisema ni miaka kumi, nani atampa kazi tena?

Mwashi aliwatazama mmoja mmoja. Akaanza kusema kwamba neno hili halipimwi kama kitambaa. Kwamba kule kwao shibaraku ya masika si sawa na ya kiangazi. Kwamba huenda kuna ya wanaume na ya wanawake, hakuwahi kuuliza.

Shemeji akasimama. "Hili iko neno la mbali," akasema. "Na mbali iko miaka mingi. Mimi naona iko miaka makumi tatu. Huyu iko muke wa mudogo wangu mpaka arudi."

Miaka thelathini. Nikasahau kwamba wanawake walitakiwa wakae nyuma na kunyamaza.

"Mwashi," nikasema, "weye ulingojea mulangoni kwa wale wanawake. Ulingoja mpaka lini?"

"Mpaka waliponifungulia, dada yangu," akajibu polepole.

"Mimi nani atanifungulia?"

Na hapo Shehe, ambaye alikuwa ameegemea ukuta wake, ukuta uliomfika kiunoni, aliugeukia akautazama, na mimi niliiona fikra ikimwingia.

"Mwashi," akasema, "nilikuuliza huu ukuta utakwisha lini. Ukaniambia shibaraku. Wiki ileile, bwana wa huyu mama akasafiri, akasema shibaraku. Neno iko moja, muji iko moja, wiki iko moja. Basi haiwezi kuwa na urefu mbili. Siku msikiti utakapokwisha, shibaraku imekwisha, na huyu mama iko huru."

Watu wote wakaitikia kwa kishindo. Walitaka msikiti wao. Shehe alikuwa amemsomea Mwashi aya, alikuwa amembembeleza, alikuwa amemtisha kwa moto, na hakuna kilichosaidia. Sasa amepata talaka yangu, na aliishika kwa mikono miwili. Sikumlaumu, ilikuwa fimbo nzuri. Mwashi alisimama akatuomba tuchague ukuta mwingine. Aliomba zaidi ya mara moja. Alisema atamaliza bafu, atamaliza majiko yote, ila tusiufunge msikiti na jambo hili. Tulidhani ni uvivu wake wa kila siku, tukacheka, tukatawanyika.

Kuanzia hapo Mwashi alikuwa mtu anayetafutwa kuliko wote pwani ile. Alfajiri nilikuwa mlangoni kwake. Nilikanyaga udongo kwa miguu yangu, nilibeba maji kutoka ziwani, nilipanga matofali juani na kuyafunika kwa makuti mvua ikitishia. Nilimpikia ugali wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani, nikampelekea palepale kwenye kazi ili asipate sababu ya kuondoka. Shemeji naye hakulala. Alimwalika kwenye harusi Nyanza-Lac, akamwalika kwenye tohara ya watoto wasiokuwa wa ukoo wake, na mara moja alimpa mbuzi mzima, kwa kuwa alijua Mwashi hamwachi mbuzi njiani mpaka amwone mifupa. Kazi ikasimama mbuzi akiliwa. Nilikaa nje ya ua huo nikasikia wanavyotafuna.

Kisha wakaja wanawake wa mtaa. Sikuwaita. Asubuhi moja niliinua kichwa nikawaona wanashuka ziwani na mitungi, wengine Waislamu, wengine Warundikazi walioolewa na wavuvi, wanaimba. Kila mmoja wao alikuwa na mtu wake ng'ambo, na kila mmoja alikuwa ameagwa kwa kuinamiwa. Mmoja, mama wa makamo ambaye sikuwahi kuzoeana naye, alitua mtungi wake miguuni pangu. "Si yako peke yako," akaniambia. Nikamshukuru kwa Kirundi, murakoze, nikalia kidogo, tukaendelea na kazi.

Hilo liliwaingia wanaume. Ghafla wavuvi wakaanza kuaga kwa siku kamili. Mtu anakwenda Kabonga tu, anawaambia mkewe na mashahidi wanne kwamba anarudi Ijumaa. Neno la Kijapani likafa Rumonge katika msimu mmoja, na hakuna aliyelizika.

Mwashi, kwa upande wake, alijenga. Alijenga vizuri mno na polepole mno. Alichukua tofali akaligeuza, akaliweka, akateremsha timazi, akaliondoa, akalifuta, akaliweka tena. Kuna siku alilala adhuhuri na kuamka akasema ameota ukuta umepinda, akataka kubomoa upande mzima. Wanawake walisimama mbele ya ukuta ule wameshikana mikono mpaka akasahau ndoto. Nilimchukia siku zile. Nilidhani anacheza na maisha yangu kwa sababu hajui maisha ya mtu ni nini, hana mke, hana mtoto, ana mwiko tu. Nilimwambia hivyo usoni. Alisema, "Kweli, dada," akachukua tofali jingine.

Paa liliezekwa na watu wengine, makuti mapya, kazi ya siku chache. Pakabaki tofali moja juu ya mlango. Mji mzima ulikuja. Shemeji alikuja na uso wa mazishi. Mwashi alipanda ngazi, akalishika lile tofali mkononi, akakaa nalo hadi udongo aliokuwa ameupaka ukakauka. Akaomba udongo mwingine. Akapaka tena. Kisha akaliweka, akaligonga mara kadhaa kwa mpini wa mwiko, akashuka. Shehe akatangaza kwamba shibaraku imekwisha na mimi nimeachwa, na vigelegele vikasikika mpaka kwenye mitumbwi. Palikuwa na pilau. Mwashi hakula. Alikaa chini ameuelekea ukuta, na watu wakataniana kwamba hatimaye wamemwona amechoka.

Nilikaa eda yangu. Nikachukua michikichi yangu, Shemeji akanung'unika mpaka akazoea. Nikaolewa na mchonga mitumbwi, mtu asiye na mwavuli, nikazaa.

Na Mwashi akaharibika, kama mji ulivyosema. Ukimuuliza ukuta utakwisha lini, alikuambia Jumatano, na Jumatano ukuta ulikuwa umekwisha. Bafu la yule mzee alilimaliza kabla mzee hajafa. Jiko langu alilipa bomba la moshi bila kuombwa. Watu wakaanza kulalamika kwamba hana tena hadithi, kwamba amekuwa fundi kama mafundi wengine, na ukimleta kwako anakuja, anajenga, anaondoka. Siku moja ua wa jirani ulikuwa kimya. Alikuwa amekwenda kusini, walisema, kwenye vijiji vya wavuvi.

Nilimwona tena miaka mingi baadaye, huko Kabonga. Mjerumani alikuwa bado yupo, lakini watu walikuwa wakinong'ona kwamba wazungu watapigana wenyewe kwa wenyewe. Nilikuwa nimepeleka mawese kubadilishana na ndagala wakavu, mtoto wangu wa mwisho mgongoni. Mwashi alikuwa amekaa kwenye kivuli cha nyumba yake, nyumba iliyokamilika pande zote, ndevu nyeupe, vidole vimekakamaa. Tulifurahi kuonana, furaha ya kweli. Akamtazama mtoto, akauliza wako wangapi, akamwombea dua. Nikakaa. Nikamtania kwamba alinichosha na matofali yale, kwamba nilizeeka chini ya ngazi yake.

"Wewe ndiye uliyenichosha," akasema.

Akaniambia bila mimi kuuliza. Alikuwa na mke Pangani. Asubuhi ya kuondoka na msafara, mke alimuuliza atarudi lini, na yeye alikuwa ndiyo kwanza ametoka Unguja na neno lake jipya. Akaweka mikono mapajani, akainama, akamwambia akikaa kupita shibaraku, basi ameachwa. Walicheka wote wawili. Kisha safari ikawa ndefu, akaona aibu kurudi mikono mitupu, na kila mwaka aibu ikakua. Lakini hakuwa amemwacha. Maadamu hakuna mtu aliyesema shibaraku ni ndefu kiasi gani, yeye alikuwa bado yumo ndani yake, na yule alikuwa bado mke wake.

"Nikawa naogopa kumaliza kitu," akasema. "Hata jiko. Halafu mkanikalisha pale, Shehe akalipima neno. Siku nilipoweka lile tofali, dada yangu, nilitoa talaka mbili. Yako na yake."

Nilimshika mkono. Nilikumbuka niliyomwambia usoni, kwamba hana mke. Nikamwona tena juu ya ngazi, udongo unamkaukia mkononi, na sisi chini tunacheka, na huruma ikanijaa. Mtoto akaamka mgongoni, nikamzungusha mbele nimnyonyeshe, na nilipokuwa nikimnyonyesha ndipo lile wazo jingine lilipokuja, na huruma ikaondoka.

"Naye, nani alimwambia?" nikauliza.

Akatazama vidole vyake vilivyokakamaa.

"Mwashi. Tangu msikiti ule ukwishe, nani amekwenda kumwambia yule mama iko huru?"

"Hakuna," akasema.

Basi huko Pangani alikuwapo mwanamke anayefagia ua wa watu. Nilimjua vizuri kuliko mtu yeyote duniani. Nilijua anavyosikiliza habari za misafara, na anavyotazama chini akipita wanaonyonyesha, na nilijua kwamba ana shemeji. Alikuwa ameachwa miaka yote hiyo, na yeye tu ndiye hajui.

Nikamwambia anitajie jina lake na mtaa wake. Alinitajia palepale, jina, mtaa, na mlango unaotazama mtoni.

Ufukweni palikuwa na mtumbwi mkubwa unapakia samaki kwenda Kigoma, ambako reli ya Mjerumani ilikuwa imefika, na ndani yake kijana wa Tabora anayerudi pwani ya bahari kwa bwana wake. Niliteremka na mtoto kiunoni. Nilimwambia yule kijana maneno, nikamfanya ayarudie mbele yangu mpaka yakawa yake: kwamba amtafute mama fulani, mtaa fulani, amwambie ameachwa tangu zamani, hana tena mtu wa kumngoja, na aliyemtumia habari hii ni mwanamke mwenzake.

Mwashi alikuwa amenifuata, anapumua kwa shida mchangani. Akaniomba niongeze salamu zake. Sikuziongeza.